Uzi: Kwa nini mwanafunzi anayejua Kiswahili vizuri huandika insha ya masimulizi isiyo na uhai?

Mwalimu wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari iliyoko upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na nimeanzisha uzi huu baada ya kusahihisha insha 46 za Kidato cha Tatu kwa mkupuo mmoja. Swali lilikuwa jepesi: “Siku niliyotumwa.” Katika insha 31 jua lilichomoza kutoka mafichoni mwake upande wa mashariki, na katika 27 msimulizi alipiga mswaki kabla ya jambo lolote kutokea. Kijasho chembamba kiliwatoka karibu wote, na walioogopa walitimua mbio kama swara, ingawa watoto hawa wa Mtongwe na Shelly Beach hawajapata kumwona swara ila kitabuni.

Makosa ya sarufi na hijai yalikuwa machache, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Wengi wa wanafunzi hawa wamezaliwa ndani ya lugha hii. Wakati wa mapumziko nikipita karibu na mwembe wa shule, nawasikia wakisimuliana yaliyotokea ferini asubuhi, na msimulizi hodari akianza, wenziwe husahau hata mandazi waliyoyashika. Mtoto huyo huyo akipewa karatasi na kalamu, kisa kinamfia mkononi. Anaacha sauti yake mlangoni mwa darasa, anavaa sauti ya daftari la misemo.

Daftari hilo tunalijua kwa sababu sisi walimu ndio tulioliandikisha. Mpaka mwaka 2023, mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ulipofanyika, mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiswahili yenye alama 40, na njia ya mkato ya kumwandaa ilikuwa kumkaririsha: majogoo yakiwika aandike hivi, akiogopa aandike vile, akifurahi atokwe na machozi ya furaha njia mbili mbili. Vipande hivyo vilikuwa matofali yaliyokwisha kuchomwa, na mtoto alibakiwa na kazi ya kuyapanga tu. Kisha huyo mtoto huingia sekondari akaongezwa matofali mengine, ndipo tunashangaa kwamba nyumba zote zinafanana.

Nionyeshe ninachokisema kwa mfano. Mwanafunzi mmoja ameniruhusu ninukuu mwanzo wa insha yake bila kumtaja:

“Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku ambayo sitaisahau maishani mwangu. Jua lilikuwa limechomoza kutoka mafichoni mwake na ndege walikuwa wakiimba nyimbo nzuri za kumsifu Muumba. Niliamka alfajiri na mapema, nikapiga mswaki, nikaoga, nikavaa nguo zangu zilizopigwa pasi, nikapata staftahi, kisha nikashika hamsini zangu kuelekea mjini. Nyanya alikuwa amenituma nipeleke mayai.”

Ona mahali mayai yalipo. Yamefika mwishoni kabisa, tena yamechoka. Nilimwita, nikamwuliza kwa mdomo, daftari likiwa limefungwa: mayai mangapi? Akasema ni trei moja, mayai 30, ya kuku wa nyanya yake, na mnunuzi yuko Mwembe Tayari. Uliyabebaje? Kwa mikono miwili, kifuani, kwa sababu nyanya hakutaka yatiwe kwenye mfuko. Ferini palikuwaje? Hapo macho yake yakabadilika. Aliniambia kwamba lango la kusubiria lilipofunguliwa yeye hakutembea, alisukumwa, kwamba hamali alipita na mkokoteni wa magunia akipiga kelele “Pisha! Pisha!”, kwamba hakuweza kujifuta jasho la machoni kwa kuwa mikono yake haikuwa yake tena, ilikuwa ya mayai. Maneno hayo ya mwisho ni yake, sikuyaongeza hata herufi.

Hakuna kati ya hayo lililokuwamo katika insha aliyoniletea. Insha ilisema: “Nilipofika kwenye feri kulikuwa na msongamano mkubwa wa watu.” Sentensi hiyo haina kosa lolote, lakini inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Likoni.

Kwa maoni yangu, uhai wa insha ya masimulizi hautokani na wingi wa mapambo bali na mwandishi kukichagua kisa kidogo, akakisogelea mpaka akaona kitu ambacho mtu mwingine asingekiona, halafu akakitaja kwa jina lake. Dakika nane za kuvuka maji ukiwa na trei ya mayai kifuani zinatosha insha nzima. Safari yote kutoka kitandani hadi kitandani haitoshi, kwa sababu kila kipande chake kitapata sentensi moja tu.

Naomba mchango wenu, hasa wa wale wanaonipinga.

Mama Wawili, Morogoro

Salaam, mwalimu. Nimesoma kwa makini kwa sababu binti yangu yuko Kidato cha Pili na huku kwetu Tanzania insha za aina hiyo huwekwa kwenye kundi la insha za kisanaa. Juzi aliniletea daftari nimsaidie, nikakuta ameandika kisa cha kurasa mbili ambacho karibu kila kitenzi kina -ka-: akaenda, akafika, akaona, akasema, akarudi. Nilipomwambia kinachosha kusoma, alinijibu kwamba amefundishwa kuwa -ka- ndiyo alama ya masimulizi. Je, nani ana haki kati yetu? La pili, ameelekezwa aanze kwa methali na amalize kwa funzo. Nimpe ushauri gani asigombane na mwalimu wake?

Mwalimu wa Ng'ambo

Dada yangu wa Morogoro, nyote wawili mna haki. Ni kweli kwamba -ka- ndiyo inayosukuma kisa mbele: -li- huweka mguu wa kwanza, na -ka- hufuata hatua kwa hatua. Lakini anayepiga hatua tu bila kusimama hana anachokiona. Kinachomwezesha msomaji kutazama pembeni ni -ki- na -kiwa, ambazo wanafunzi wengi huziacha zikae bure. Linganisha: “Nilifika ferini, nikaona watu wengi, nikasimama, nikangoja.” Halafu: “Nilifika ferini lango likiwa bado limefungwa, watu wakibanana chini ya paa, na hamali mmoja ameegemea mkokoteni wake akimenya chungwa kama mtu asiye na haraka na dunia.” Katika ya pili hakuna hatua iliyopigwa baada ya kufika, lakini msomaji amekwisha kusimama pale. Mwambie binti yako aihifadhi -ka- kwa mahali ambapo mambo yanakwenda mbio kweli, mathalani yai linapoteleza: “likateleza, likagonga ukingo, likapasuka.” Hapo -ka- tatu mfululizo zina kazi, kwa sababu jicho halikupata nafasi ya kupepesa.

Kuna chombo kingine ambacho lugha yetu imetupa bure na ambacho, nasema kwa masikitiko, tunakifundisha kama hesabu ya kujaza jedwali tu: mnyambuliko wa vitenzi. Sukuma, sukumwa, sukumana, sukumiza. Mwanafunzi anazijua kauli hizi na atazijibu zote katika karatasi ya lugha, lakini akiandika insha hakumbuki kama amewahi kuzisikia. Yule kijana aliposema “sikutembea, nilisukumwa,” alikuwa amekwisha kueleza umati mzima kwa kubadili kauli ya kitenzi. Hakuhitaji kuandika kwamba watu walikuwa wengi kama siafu. Vivyo hivyo kwa vitenzi vya mwendo: mtu anaweza kunyata, kuchechemea, kupepesuka, kujikongoja, kuranda, kunyemelea, na kila kimoja kinakuja na mwili wake na nia yake. Anayeandika “alitembea polepole” amejinyima.

Kuhusu methali ya mwanzo, sitaki nimtie binti matatani na mwalimu wake, basi aiweke ikiwa ameagizwa. Ila ajue tofauti. Swali linapokuwa la methali, kwa mfano “Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” methali ndiyo kazi yenyewe, na kisa lazima kionyeshe pande zake zote mbili: awepo anayekitaka kitu, tena tumwone akiinama kweli, yaani akipata taabu au akishusha hadhi yake ili akipate. Wengi huandika vizuri jinsi mhusika alivyotaka, wakasahau kuinama. Swali lisilokuwa la methali halidai methali. Na “wahenga na wahenguzi walilonga” iachwe ipumzike. Imefanya kazi ya kutosha.

Msahihishaji wa Zamani

Ndugu Mwalimu, nakuheshimu lakini sitakuunga mkono moja kwa moja. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na ninakukumbusha kwamba msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake na mwongozo mkononi. Mwongozo unamtaka atazame msamiati, tamathali, mtiririko na ubunifu. Mwanafunzi wa kawaida, ambaye si yule kijana wako mwenye kipaji, atajitetea kwa nini kama si kwa misemo aliyoihifadhi? Ukimnyang'anya daftari lake bila kumpa kitu mbadala, ataandika “niliogopa sana” na kuishia hapo. Misemo imewavusha wengi kutoka kiwango cha C hadi B. Tusiwafundishe watoto kuogelea kwa kuwatupa katika bandari ya Kilindini.

Mwalimu wa Ng'ambo

Mzee wangu, nashukuru kwa pingamizi hili, na sehemu yake kubwa naikubali. Katika karatasi 102/1, yaani karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, mtahiniwa ana saa moja na dakika 45 kuandika insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja, kila insha ikiwa na alama 20. Ya kwanza, ambayo ni ya lazima, huwa ya uamilifu, kwa mfano barua, hotuba au kumbukumbu za mkutano, na masimulizi kwa kawaida hupatikana katika zile anazochagua. Kwa hiyo kisa chake kina kama dakika 50 tu, kuanzia kusoma swali hadi kuhakiki. Anayesema kwamba katika muda huo mtoto atabuni kila tashbihi upya hajawahi kukaa kwenye dawati la mtihani.

Sikusudii kufuta misemo. Ninachodai ni kwamba msemo uulizwe swali moja kabla haujaingia: unaona? Nina insha hapa ambamo “giza totoro lilitanda, hata mkono wangu sikuuona,” na mistari miwili baadaye msimulizi anaeleza kovu dogo lililokuwa kwenye shavu la mwizi pamoja na rangi ya fulana yake. Nina nyingine ambamo kijasho kinamtoka mtu anayesubiri basi Limuru alfajiri ya mwezi wa Julai, wakati ambapo kinachotoka kule ni moshi wa pumzi. Msemo haukuwa na kosa. Mwandishi hakuwa mahali alipodai yupo, na msahihishaji, hata akiwa amechoka, huligundua hilo upesi kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Tanakali za sauti ni hivyo hivyo. Feri kujaa pomoni, mtu kutumbukia majini chubwi, nguo kulowa chepechepe, chumba kuwa kimya jii: hizi ni mali ya lugha na sitamzuia yeyote asizitumie. Lakini moja katika aya inasikika, na nne katika aya ni ngoma ya watoto.

Na umeuliza kitu mbadala. Mimi huwapa zoezi la dakika tano ambalo halihitaji kipaji. Kabla ya kuandika insha, mwanafunzi ajiulize kwa sauti ya chini kile nilichomwuliza yule kijana: vingapi, uliishikaje, nani alikuwa karibu nawe, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na mkono wako ulikuwa unafanya nini wakati huo. Swali la mkono ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtoto aliyeandika “niliogopa sana” ukimwuliza mkono wake ulikuwa wapi, atakwambia ulikuwa umeshika kitasa na hakuweza kukiachia, au alikuwa akikunja na kukunjua tiketi ya matatu mpaka ikageuka uchafu. Hofu yake imepatikana bila kutajwa, na mwanafunzi wa C anaweza kuipata sawasawa na wa A. Kuhusu tashbihi, huwaambia watafute mnyama au kitu kilichoko umbali wa kutupa jiwe kutoka nyumbani kwao. Mmoja aliniandikia kwamba mdogo wake alikimbilia chini ya kitanda “kama kaa aliyeona kivuli.” Huyo hakumwazima swara wa mtu.

Mwanafunzi wa Bweni

Shikamoo, mwalimu. Mimi niko Kidato cha Nne na ninafuatilia uzi huu tangu jana. Swali langu ni fupi. Je, ni lazima kisa kiwe cha kweli? Maisha ya bweni hayana mambo mengi. Kengele, uji, darasa, kengele. Wenzangu huandika kuhusu ajali za ndege na majambazi wenye bastola kwa sababu hawana lingine.

Mwalimu wa Ng'ambo

Marahaba, mwanangu. Si lazima. Mtahini hapimi ukweli wa kisa, hupima kama amekiamini. Acha nikusimulie aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa na umri wako niliandika insha ya kurasa nne kuhusu safari ya gari moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, miaka mingi kabla ya reli hii ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Sikuwa nimewahi kupanda gari moshi. Niliandika milima, mabonde, ndovu wa Tsavo, machweo yenye rangi ya dhahabu. Mwalimu wangu alinirudishia daftari bila kusahihisha chochote, isipokuwa chini kabisa aliandika kwa wino mwekundu: “Je, ndani ya gari hili hapakuwa na mtu mwingine?” Nilisoma tena kurasa zangu nne. Hapakuwa na mtu. Mlikuwa na ndovu lakini hapakuwa na jirani wa kiti, wala mtoto anayelia, wala harufu ya chakula cha mtu, wala mkaguzi wa tiketi. Nilikuwa nimesafiri peke yangu katika gari moshi zima.

Jumapili iliyofuata nilimwendea mjomba wangu, ambaye alikuwa akisafiri kwa gari hilo mara kwa mara, nikamwuliza watu walikuwa wakila nini na kulala vipi. Insha ya pili bado ilikuwa ya uongo, lakini ilikuwa na watu.

Jambazi mwenye bastola ni mgumu kwako kwa sababu hujui anavyonuka. Kengele unaijua. Nani huipiga? Siku ile isiyopigwa kwa wakati hutokea nini bwenini, nani huamka wa kwanza akashtuka kwamba kumekucha, na nani hujifanya amelala? Foleni ya uji ambayo mpishi amebakiza sufuria moja na wanafunzi waliobaki ni 20 ina taharuki kuliko ndege yako itakayoanguka. Ukilazimika kubuni, buni kisa, lakini vitu vilivyomo ndani ya kisa vichukue kwenye maisha yako.

Jambo jingine dogo ambalo sikulitaja: mazungumzo. Mhusika anaposema, mwache aseme mwenyewe, ndani ya alama za usemi, kila msemaji na aya yake. Hamali hawezi kusema “Naomba unipishe tafadhali, ndugu yangu.” Atasema “Pisha!” Usitumie mazungumzo kueleza mambo ambayo wahusika wote wawili wanayajua tayari. Hakuna anayemwambia nyanya yake, “Nyanya, wewe unayefuga kuku hapa Likoni.”

Mama Wawili, Morogoro

Nimemfanyia binti zoezi la mkono leo jioni. Alikuwa ameandika, “Bibi alihuzunika sana.” Nikamwuliza, mkono wa bibi ulikuwa wapi? Akanyamaza kidogo, akasema alikuwa akichambua mchele ambao alikwisha kuuchambua. Nimeshindwa kuendelea na somo. Bibi huyo ni mama yangu, na siku hiyo naikumbuka.

Msahihishaji wa Zamani

Mchele huo ningeupa alama, mwongozo useme utakavyo. Lakini tuonyeshe mwisho wa mayai, Mwalimu. Umetuacha katikati ya maji, na mwisho ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Mwalimu wa Ng'ambo

Narudi baada ya siku nne, kijana akiwa ameandika upya. Mwisho wa rasimu ya kwanza ulikuwa: “Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba haraka haraka haina baraka na nikaapa kutorudia tena.” Nilimwuliza ni nani aliyekuwa na haraka, maana yeye alisukumwa. Akacheka, akaifuta mwenyewe. Huu hapa mwanzo mpya, kisha mwisho:

“Nyanya alinikabidhi trei kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga. ‘Thelathini,’ aliniambia, ‘na huko wayahesabu.’ Ferini lango lilikuwa bado limefungwa. Nilisimama nikiwa nimeyakumbatia, jasho likiniingia machoni, nisiweze kulifuta kwa kuwa mikono yangu haikuwa yangu tena, ilikuwa ya mayai. Lango lilipofunguliwa sikutembea, nilisukumwa.”

“Nilirudi magharibi. Nyanya alizihesabu noti, akazihesabu tena, kisha akautazama mkono wa shati langu, ambapo ute ulikuwa umekauka ukang'aa kama njia ya konokono.

‘Moja tu?’

‘Moja tu, Nyanya.’

Alinyanyuka, akaenda bandani, na nilisikia kuku wakilalamika gizani. Aliporudi alikuwa na yai moja, bado lina joto. Alilitia kiganjani mwangu, akanifumbata vidole. ‘Hili lako,’ akasema kwa upendo.”

Nimempa alama 17 kati ya 20. Nimekata maneno mawili ya mwisho kwa wino mwekundu, na nimemwandikia pembeni kwamba yai lilikuwa na joto tayari.